Tupeane uzoefu: gari limetoka kwa wakala, limefika nyumbani na ugonjwa mpya

Embe la Ipuli:
Wakuu, habari za jioni. Sisi wa Tabora na Kigoma tunajuana. Ukitaka gari liguswe na wakala mwenyewe wa kampuni ya gari, safari ni Mwanza au Dar. Sasa likitengenezwa huko, tatizo likajitokeza ukishafika nyumbani, unabaki njia panda: urudi mamia ya kilometa, au umwite fundi wa mtaani afungue, halafu wakala akuruke kwamba gari limeshachokonolewa na mtu mwingine. Mliopatwa na hili mlifanyaje?

Yangu ni hii. Hilux yangu ya dizeli iliwasha taa ya T-BELT, kawaida yake ikifika kilometa 150,000. Nikaipeleka Mwanza wakabadilisha mkanda wa taimingi, na kwa kuwa wota pampu ilikuwa imeanza kuvuja tukakubaliana nayo itoke hapo hapo. Misungwi safi, Shinyanga safi. Napita Tinde, mshale wa joto huo unapanda. Nikipaki unashuka, nikiondoka unapanda tena. Cha ajabu, ukiwasha hita inapuliza hewa baridi, na nyuma ya dashibodi nasikia maji yanabubujika. Nimefika usiku kwa kubembeleza. Gari limepaki, sijaruhusu mtu alisogelee.

Dagaa wa Kibirizi:
Pole mkuu. Kifuniko cha rejeta usifungue likiwa la moto. Spea za uso hata Dar hawauzi.

Mama Katubuka:
Embe pole sana. Mimi nilibadilishiwa beringi ya gurudumu la mbele, nikarudi kwa njia ya Nyakanazi. Nafika Kibondo taa ya ABS (ile ya breki zinazozuia matairi kujifunga) imewaka, na haizimi. Kupiga simu, kijana wa mapokezi ananiambia, "Dada, hilo ni tatizo lingine, gari lako la zamani." Bahati nzuri nina tabia moja ambayo mume wangu huwa ananicheka: kabla sijakabidhi funguo, nawasha gari napiga picha dashibodi, kilometa na taa zote zionekane, huku kijana wao wa mapokezi amesimama pale pale. Nikamtumia ile picha. Hakuna taa hata moja iliyokuwa inawaka.

Hapo lugha ikabadilika. Wakaomba picha ya nyuma ya gurudumu. Waya wa sensa, kile kifaa kinachopima mwendo wa gurudumu, ulikuwa umepitishwa vibaya, umesuguana na tairi mpaka umechunika, shaba inaonekana. Sensa walituma kwa basi, ufundi wa Kigoma wakalipa wao. Sikurudi Mwanza.

Kahawa ya Ujiji:
Mnapenda majina makubwa nyie. Fundi wangu yuko chini ya mwembe, hana risiti wala koti jeupe, na gari linatembea.

Mama Katubuka:
Likigoma, huyo wa mwembe unamdai kwa karatasi gani, kaka yangu?

Asali ya Sikonge:
Karatasi ndiyo iliyoniokoa mimi. X-Trail yenye gia boksi ya CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia), gereji kubwa tu ya mjini, wakabadilisha oili ya gia boksi. Baada ya hapo gari likiondoka linatetemeka, hasa kwenye kilima. Wakaniambia gia boksi imechoka, nijiandae kununua nyingine. Nikachukua jobu kadi, karatasi ya kazi waliyofanya, nikaisoma mstari kwa mstari: wameandika ATF, oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida. Ile gari inataka oili ya CVT, NS-2, na imeandikwa kwenye kitabu chake. ATF ya kawaida haina kazi mle. Niliwawekea kitabu mezani, jobu kadi pembeni, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) juu yake. Wakamwaga, wakaweka inayotakiwa, bure. Ila mtetemo haukuisha wote, umebaki kidogo asubuhi, na hapo ndipo tunapovutana mpaka leo. Nimeshawaambia tukishindwana naenda Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji, na mimi ni mlaji.

Fundi wa Gungu:
Niongee kwa niaba ya upande wa spana. Si kila kinachoharibika baada ya gereji kimeharibiwa na gereji. Rejeta ya zamani iliyokuwa imeziba nusu haijui kwamba jana ulibadilisha pampu. Kwa hiyo kwanza tafuta uhusiano: kilichofunguliwa ni nini, na kinachosumbua kiko jirani nacho?

Kwa Embe uhusiano upo wazi. Wota pampu ikitoka, maji yote yanamwagwa. Yakirudishwa haraka hewa inabaki ndani, inajificha kwenye njia ya hita. Ndiyo maana hita ni ya baridi na unasikia mbubujiko. Dawa yake: injini ikiwa ya baridi kabisa unafungua kifuniko, hita unaweka kwenye moto, unawasha, unaongeza kulenti (maji ya kupoza injini) taratibu mpaka mapovu yaishe. Lakini kama kuna mpira unavuja utatoa hewa leo na kesho itaingia nyingine. Tandika boksi safi chini ya injini usiku, asubuhi usome: kijani au pinki ni kulenti, nyekundu mara nyingi ni oili ya gia au ya stelingi, nyeusi ni ya injini. Maji meupe yasiyo na harufu ni ya AC, usimsumbue mtu.

Na wote mliofunguliwa matairi, nati zikazwe tena baada ya kilometa 50 hadi 100.

Embe la Ipuli:
Fundi ubarikiwe. Boksi limekutwa na doa la pinki chini ya mpira wa juu wa rejeta, klipu imekaa pembeni, haijabana. Nimewatumia video na picha kabla ya kumwita mtu. Msimamizi wao amejibu kwa maandishi kwamba nimruhusu fundi wa hapa akaze klipu na atoe hewa, na kwamba dhamana ya kazi yao inabaki. Hayo maandishi ndiyo niliyokuwa nayataka. Jana nimekwenda Urambo na kurudi, mshale umelala katikati.

Ufundi wamekubali kulipa. Kulenti wanasema ni juu yangu, eti "ni kitu cha kawaida kupungua". Lita nne zimepungua kwa kawaida gani, kutoka Mwanza mpaka Tabora?

Dagaa wa Kibirizi:
Watumie picha ya boksi tena.