Resho ya zamani ya udongo: waya umekatika, na sombe haiivi

Mtoto_wa_Katuba
Jambo yenu wazee wa Lubumbashi. Niko na resho (jiko la umeme) ya mama, zile za zamani za sahani ya udongo na rezistansi (waya wa kutoa moto) iliyo wazi. Imeandikwa 220 V, 1000 W. Waya umekatika karibu na skrubu. Mama hataki nyingine, anasema sombe (mboga ya majani ya muhogo) ya wakati wao ilipikwa juu ya hii hii. Niunge au ninunue waya mpya? Tena, hata kabla ya kukatika, sombe ilikuwa inamaliza saa tatu na majani bado yanakwaruza kooni. Kosa ni la resho au la majani?

Fundi_Kamalondo
Kukatika karibu na skrubu ni bahati. Chomoa fishi (plagi) ukutani, usizime swichi tu: kwenye resho nyingi za aina hiyo swichi inakata waya mmoja, na rezistansi iliyopoa inaweza kuwa bado na umeme. Vuta ncha iliyobaki hadi kwenye skrubu. Piga msasa kama sentimeta mbili mpaka ing'ae, izungushe kufuata upande wa kufungia, iweke kati ya washa mbili (visahani vya chuma vyenye tundu), kaza. Ule weusi wa juu haupitishi umeme vizuri. Ukiuacha, hapo patawaka kuliko kwingine na patakatika tena.

Ungekatika katikati, ningekuambia ununue. Watu wanasokota ncha mbili na resho inawaka vizuri zaidi, wanafurahi. Ni kwa sababu waya umekuwa mfupi! Poteza sehemu moja ya kumi ya urefu, na 1000 W inakuwa kama 1110 W. Siku za kwanza inapika haraka, halafu inaungua pale pale penye fundo. Risasi ya kulehemu ndiyo usiguse, inayeyuka kabla waya haujawa mwekundu.

Siku utakayoweka mpya: inauzwa imejikunja, fupi kama penseli. Pima mfereji wa udongo kwa uzi, kisha vuta waya kwa ncha zote mbili, polepole, mpaka ukiuachia ubaki na urefu wa ule uzi. Usivute kutoka katikati. Mizunguko ikisongamana sehemu moja, pale patakuwa pekundu sana na kwingine kutabaki giza.

Mama_Kinu
Mwanangu, fundi amesema ya waya, mimi nachukua sufuria. Chukua majani machanga ya juu, yale matatu manne ya ncha, bila vikonyo. Kilo moja. Twanga yakiwa mabichi, yaache kwenye beseni saa moja au mbili, ndipo uyaoshe na kuyapika. Wengi wanayatia kwanza maji ya moto ili kinu kiwe chepesi. Hapo wanakosea: sumu ya jani la muhogo inavunjwa na kimeng'enya kilicho ndani ya jani lenyewe, kinu ndicho kinawakutanisha, na maji ya moto yanakiua kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi.

Tia maji lita mbili, bila kifuniko dakika 20 za kwanza tangu yachemke, ile sumu itoke na mvuke. Kisha funika, saa moja na nusu. Vitunguu viwili, poro (liki), mafuta ya ngazi (mawese) kikombe kimoja. Karanga za kutwanga gramu 200 ziingie nusu saa ya mwisho tu, kwa sababu zinashika chini, na sombe iliyoungua haifichiki hata kwa pilipili. Makayabo (samaki wa chumvi) iloweke tangu jana usiku, na chumvi uonje kwanza.

Yaya_Ruashi
Na maji ya majivu, mama? Bibi zetu walitia.

Mama_Kinu
Yanalainisha, kweli. Vijiko viwili vya maji yaliyochujwa, mapema, majani yakiwa na maji tu. Ukizidisha, au ukitia pamoja na mafuta, unapika sabuni. Si mzaha, majivu na mafuta ndiyo sabuni yenyewe ya zamani.

Fundi_Kamalondo
Mama, nakuongezea sababu ya zile saa tatu. Jioni mtaa mzima ukiwasha, umeme unashuka. Kwa 160 V, resho ya 1000 W inatoa kama 530 W tu, karibu nusu. Lita mbili za maji ya baridi kufika kuchemka, kwa hesabu tupu, ni dakika 20. Kwa sufuria iliyo wazi hesabu karibu mara mbili. Kwa hiyo chemshia juu ya mbabula (jiko la makaa), makala yakiwa mekundu, na resho iendelee na moto mdogo wa saa moja na nusu. Ndiyo kazi inayoiweza.

Halafu angalia chini ya sufuria. Ikiwa imebonyea, inagusa waya, na sufuria ya aluminiamu inapokea umeme wote. Lazima waya ukae chini ya ukingo wa mfereji. Maji ya chumvi yakimwagika, chomoa, acha udongo ukauke kabisa kabla ya kuwasha.

Mtoto_wa_Katuba
Aksanti wazee. Nimefunga skrubu, nimepima bila umeme: ohm 44. Ni sawa?

Fundi_Kamalondo
Mpya ingekuwa karibu 48. Yako inatoa kama 1100 W kwa 220 V, kumbe imeshafupishwa zamani. Itumie, ila kamba yake isiwe ile nyembamba ya taa, resho yako inavuta ampea tano. Na ukiigusa fishi baada ya nusu saa ikawa ya moto, mguu wake umelegea.

Mama_Kinu
Bukari (ugali) usisongee juu ya resho. Mwiko unasukuma sufuria, udongo unapasuka. Sombe resho, bukari mbabula.