Mrejesho: tangazo la dagaa, soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza

Wakuu, niliuliza nitajuaje kama tangazo la spika linaniletea wateja wa dagaa. Mkasema nipime kwanza kabla sijatangaza. Asanteni sana. Nilitaka kuhesabu wiki moja tu. Mama mmoja muanika dagaa akanizuia: mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wanaovutia dagaa kwa taa usiku hupata kidogo sana, dagaa huadimika, bei hupanda. Basi nikahesabu siku 30, za giza na za mwezi, daftarini: wateja wapya wangapi, kila mmoja kasikia wapi. Nikatangaza, nikahesabu 30 nyingine. Wapya ni wanne watano kwa siku, kabla na baada, wengi wameletwa na jirani. Spika nimeiacha. Sasa anayeleta mwenzake namwongezea kopo la dagaa.