KUKU SI CHAKULA?! Kadi ya punguzo ya mgahawa wa ile bustani ya michezo, MSINUNUE!!!

MamaTwini_Ntinda

Jamani ndiyo nimeingia nyumbani, hata viatu sijavua, naandika mikono ikitetemeka. Mnawajua. Jina sitaji, wao wana wakili na mimi nina ada za kulipa, lakini mnawajua: wale wenye bembea ya kupiga kelele na sungura wa plastiki langoni aliyekatika sikio.

Wana ile kadi yao ya dhahabu (dhahabu gani, haradali ile). Shilingi 100,000. Imeandikwa kwa herufi kubwa: PUNGUZO LA 20% KWA VYAKULA VYOTE, MWAKA MZIMA. VYOTE! Binti wa langoni akanipamba weee, "mama, ukija na wageni mara moja tu imejilipa." Na wageni ninao, mawifi zangu wametoka Masaka. Lukaya pale wameletewa kuku wa kijiti mpaka dirishani wakakataa, kwa sababu nilishawapigia simu: msile njiani, leo mnakula kwangu.

Tukaagiza. Kuku na chipsi, kuku na wali, wifi mkubwa akachukua kuku mzima maana ameambiwa kuna kadi. Watoto soda mpaka zikawatokea puani. Bili ikaja. Nikatoa kadi kwa madaha, nikailaza mezani isomeke. Keshia akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akaipitisha kwenye ile taa ya kukagulia noti. Halafu, kwa sauti ambayo hata waliokuwa juu ya bembea waliisikia:

"Mama, kwenye mfumo kuku si chakula."

KUKU. SI. CHAKULA.

Ni nini basi? "Ni spesho." Chipsi je? "Chipsi zimekuja na kuku." Soda? "Soda ni kinywaji." Sasa chakula ni kipi, mwanangu? Kidole kikateremka menyu yote mpaka chini kabisa: supu ya mboga na kachumbari. Haya, leta supu. "Supu imeisha tangu Idd."

Wifi mkubwa akacheka. Si kicheko cha kawaida, ni kile cha kwenda kusimuliwa Masaka. Wako sebuleni sasa hivi, kila anayepita anauliza, "Dada, leo tunapika chakula au kuku?"

Kuku si chakula! Nchi hii! Buganda mkwe akija anachinjiwa nini, kachumbari?

Kijana_wa_Kabalagala

Banange 😂😂 Weka picha ya bili.

Afande_Mstaafu

Kwanza nimpongeze keshia kwa Kiswahili safi. Tangu baraza la mawaziri la Uganda lipitishe mwaka 2022 kwamba kifundishwe shuleni kwa lazima, hii ndiyo faida ya kwanza ninayoisikia.

MamaTwini_Ntinda

Afande, mimi nalia wewe unatoa vyeti. Alisema KUKU SI CHAKULA, mbele ya mawifi!

Mjukuu_wa_Ssese

Mnamwonea bure. Zamani Buganda wanawake hawakuwa wakila kuku wala mayai. Kijana ameona meza imejaa akina mama akailinda mila. Mlipe bakshishi.

MamaTwini_Ntinda

Wewe nenda kale kachumbari.

Mhasibu_Mpole

Dada pole. Ila hata kuku angekuwa chakula, hesabu haikubali. Kadi 100,000 kwa punguzo la 20%: lazima ule chakula cha 500,000 ndipo urudishe pesa yako tu, faida bado. Halafu angalia risiti. Bei za menyu zina kodi ya VAT ya 18% ndani, na wajanja wengine hukata punguzo kwenye bei isiyo na VAT. Sahani ya 50,000 inahesabiwa kama 42,373, unapunguziwa 8,475 badala ya 10,000. Hiyo 20% yako ni kama 17%. Hapo unahitaji kula cha 590,000.

Kijana_wa_Kabalagala

Mhasibu, hapa ni msiba, umekuja na kikokotoo.

Binti_wa_Arua

Si kwetu tu. Walt Disney World ya Florida walikuwa na kadi inaitwa Tables in Wonderland. Ilikuwa ya wakazi wa Florida na wenye pasi za mwaka, 20% kwa chakula na vinywaji, hadi pombe. Lakini bakshishi ya 18% ilikuwa inaingizwa kwenye bili moja kwa moja. Korona ilipofunga kila kitu 2020 ikasimamishwa, na haikurudi.

Mjukuu_wa_Ssese

Kuku alikuwa chakula?

Binti_wa_Arua

Alikuwa.

Mjukuu_wa_Ssese

Basi hao ni watakatifu, usiwafananishe na watu wetu.

MamaTwini_Ntinda

Hadi pombe!! Mimi soda wamenikatalia. Na kuku. Alinitazama machoni, jamani, hakupepesa. "Si chakula."

Boda_wa_Wandegeya

Mnapenda mateso. Wandegeya kuna kuku wa tivii, unamwona anazunguka ndani ya kioo, unamwonyesha kidole, unakula. Hamna kadi, hamna mfumo. Mfuko ukiwa mwepesi, rolex: chapati iliyokunjwa na mayai ndani.

Mkenya_Ntinda_Juu

Mayai ni chakula au spesho?

Boda_wa_Wandegeya

Mkenya, kwenu chapati mnaikunja lini?

Mkenya_Ntinda_Juu

Angalau kwetu hatulipii kadi ili tuuziwe supu iliyoisha.

Baba_Watatu_Bweyogerere

Samahani kuingilia, ila mnaongelea laki moja mimi nimetoka kupokea barua ya shule. Ada peke yake imenitoa jasho, sasa wanataka rimu za karatasi, karatasi za chooni, sukari na mafagio. Kwa KILA mtoto. Mtoto wa miaka mitano anafagia nini?

Kijana_wa_Kabalagala

Na kila muhula. Hizo karatasi za chooni zinaenda wapi? Mpwa wangu anasema chooni hajawahi kuziona.

Mama_Rimu

Yetu imeandika aina ya rimu! Ukileta nyingine inarudishwa nyumbani.

MamaTwini_Ntinda

Jamani, kuku.

Mhasibu_Mpole

Rimu mbili mara watoto 600 mara mihula mitatu ni rimu 3,600 kwa mwaka. Hiyo si shule, hicho ni kiwanda cha uchapishaji.

Baba_Watatu_Bweyogerere

Mhasibu wewe ndiye uende mkutano wa wazazi badala yangu. Na mafagio, barua haisemi ya ndani au ya nje.

Mama_Rimu

Peleka la nje. La ndani linaishia kwa mwalimu.

Boda_wa_Wandegeya

Nina binamu Nakawa anauza yote mawili. Ukichukua sita nakubebea bure mpaka Bweyogerere.

Baba_Watatu_Bweyogerere

Bei?