Ukoo wa Mikindani: Somoe apande mlima upi?

*Somoe:* Shikamooni wakubwa. Huku Grenoble, Ufaransa, chuo kimefunga wiki moja, wenzangu wananishika tukacheze skii. Mimi mgeni kabisa. Nishaurini pa kwenda.

*Mama:* Marahaba mwanangu. Skii ndo zile mbao za miguuni? Baki chumbani usome.

*Mjomba Hamisi:* Dada, mwache kwanza aeleze. Kuna wapi na wapi?

*Somoe:* Autrans ni uwandani, pamelala vizuri, ila mita 1,050 tu. Juzi mvua imenyesha mpaka huko, theluji imebaki viraka. Les Deux Alpes inapanda kupita mita 3,000, theluji haikosi, lakini ni mbali, tena tiketi ya lifti ya kupandishia watu mlimani ni ghali. Chamrousse inaanzia 1,650 mpaka 2,250, basi linatoka hapa mjini. Mashindano ya mteremko ya Olimpiki ya 1968 yalifanyika hukohuko.

*Issa:* Mbona Kilimanjaro ina 5,895 na theluji yake kidogo tu?

*Somoe:* Kilimanjaro iko jirani na ikweta, Issa. Huku latitudo ya 45, mwezi wa pili jua bado liko chini. Miteremko inayotazama kaskazini inakaa kivulini, theluji haiyeyuki upesi.

*Dada Zai:* Na vile viatu vya theluji ulivyosema juzi?

*Somoe:* Vipana kama ungo mdogo, vina meno ya chuma chini. Unafunga juu ya buti, kisigino kinainuka ukitembea. Bila hivyo unazama mpaka gotini.

*Mjomba Hamisi:* Ni kama gari kwenye mchanga wa Msimbati. Unapunguza upepo, tairi linatanuka, unapita.

*Somoe:* Ndivyo hasa mjomba!

*Mama:* Mimi nimeona kwenye taarifa ya habari theluji inaporomoka na watu.

*Somoe:* Ni kweli mama. Inakatika zaidi kwenye mteremko wa nyuzi 30 kwenda juu, na mara nyingi anayefukiwa ndiye aliyeikanyaga, au mwenzake. Kila siku inatoka taarifa ya hatari, 1 mpaka 5. Leo ni 3, upepo umerundika theluji mpya. Kwa hiyo kutoka nje ya njia zenye alama, hapana. Ndani ya njia, wenye kituo wanakagua kabla ya kufungua.

*Mjomba Hamisi:* Basi Chamrousse. Autrans itakuchosha bure kwenye matope, na kule kwa bei utaenda ukishajua. Anza njia za kijani, zile rahisi, na mwalimu. Usione wenzako wanaenda nyekundu, zile ngumu, ukawafuata.

*Somoe:* Sawa mjomba. Asubuhi skii, mchana natembea na vile viatu uwanda wa Arselle, ni hapohapo.

*Mama:* Basi la kurudi saa ngapi?

*Somoe:* Saa kumi na nusu.

*Mama:* Vaa soksi mbili. Na ukifika uniandikie kabla hujavua buti.