Tupeane uzoefu: gemu za kusoma na kuchagua zilizokuchekesha kisha zikakunyima usingizi

mzee_wa_sevu
Wakuu, salaam. Mdogo wangu kaniomba nimwekee "gemu ya mapenzi ya shuleni" kwenye laptop. Kuangalia jina: Doki Doki Literature Club. Nikabaki namtazama tu. Mnaoijua mmeshaelewa.

Inaanza na wasichana wa klabu ya fasihi, inaishia kutisha. Mimi mpaka leo sijasahau wikiendi ya Yuri, mmoja wao. Anajichoma kisu mbele yako na gemu haikuachii utoke. Unabonyeza, maandishi hayasomeki, unabonyeza tena, mwanga wa chumba unageuka mchana ukawa usiku, mwili uko palepale. Natsuki, mwenzake wa klabu, anaingia, anatapika, anakimbia. Kisha anakuja Monika, rais wa klabu, na uchangamfu wake, anakuomba radhi kwamba wikiendi yako lazima ilikuwa ya kuchosha. Nilicheka kwa nguvu usiku wa manane, halafu nywele zikanisimama. Haya, mwageni zenu.

kibogoyo88
Ile radhi ya Monika! Umenikumbusha mbali.

njiwa_manga
Hatoful Boyfriend, 2011, Mjapani Hato Moa. Wewe ni binti pekee wa kibinadamu kwenye shule ya ndege, unaishi pangoni, unatafuta mchumba kati ya njiwa. Nilicheka mpaka machozi. Kumbe usipompata yeyote, unauawa. Na daktari wa shule ni kwale. Msimzoee yule kwale, nasema tena, msimzoee.

Chuma_Ulete
Hizo si gemu, ni vitabu vya kubonyeza. Gemu ni mpira.

njiwa_manga
@Chuma_Ulete mpira wenyewe kila siku unafungwa. Tuache na njiwa wetu.

binti_wa_pwani
Nyie mnacheka, mimi naomba niseme langu. Niliicheza Doki Doki muda mfupi baada ya binamu yangu kujiua. Sikuwa najua kitu, niliona wasichana wanaandika mashairi nikasema nipumzishe akili. Mmoja wao, Sayori, akaanza kueleza kwamba asubuhi haoni sababu ya kuamka. Maneno yaleyale ya binamu, wakuu. Ikaja ile chaguo: umwambie unampenda, au umwambie atabaki rafiki yako wa dhati. Nilikaa pale muda mrefu, natetemeka, kama vile ni binamu anayesubiri jibu langu. Nikamwambia nampenda. Kesho yake nikafungua mlango wa chumba chake.

Nikarudi nyuma ili nichague lile lingine. Sevu zangu, yaani pale nilipohifadhi mchezo, zimefutwa. Gemu imeanza upya na Sayori hayumo, kama hajawahi kuzaliwa. Nililia mpaka mama akaja kugonga mlango. Baadaye nikajua kwamba hata ungechagua lipi, anakufa. Hilo ndilo lililonituliza, ajabu. Nilikuwa nimejilaumu juu ya binamu miezi yote ile.

kibogoyo88
Pole sana dada. Sina la kuongeza.

Chuma_Ulete
Pole. Ila kwa kweli watu wanaofanya utani na mambo haya wana roho gani?

mzee_wa_sevu
@Chuma_Ulete mwanzoni kabisa gemu inakuonya kwamba haiwafai watoto wala wanaoshtuka haraka. Dan Salvato, aliyeitengeneza, hakumficha mtu.

Chuma_Ulete
Onyo nani anasoma? Unabonyeza tu.

binti_wa_pwani
Mimi nililisoma na nikaendelea. Sijuti. Ila mdogo wako @mzee_wa_sevu, kama kuna msiba nyumbani, mwache kwanza.

karani_wa_giza
Mpe Slay the Princess, 2023. Msimulizi anakuamuru umuue binti mfalme aliyefungwa kwenye chumba cha chini ya ardhi cha kibanda, la sivyo dunia itaisha. Ukifa unaamka tena njiani. Sasa kuna kioo ukutani, unamuuliza msimulizi kuhusu kioo, anasema hakuna kioo. Unamwambia hicho hapo! Anakasirika kabisa. Mimi niligombana na yule mzee kwa sauti, jirani akadhani nina mgeni.

njiwa_manga
Usimpe hiyo mtoto, damu tupu. Mpe njiwa.

karani_wa_giza
Njiwa wanaoua?

kibogoyo88
Mpe karata.

njiwa_manga
Njiwa wanaua mwishoni tu. Kabla ya hapo ni pudini na masomo.

binti_wa_pwani
@karani_wa_giza hiyo ya kioo, ukikisogelea nini kinatokea? Usinifiche, nataka kujua kabla sijaianza.

karani_wa_giza
Kinatoweka. Na msimulizi anashinda ubishi.