Naomba ushauri: haja ndogo inanibana ghafla, nimeandikiwa dawa naiogopa

Habari zenu wapendwa. Niko Tanga mjini, umri miaka 46, watoto watatu. Tangu mwaka jana haja ndogo inanijia ghafla na haina subira. Choo kikiwa mbali nalowa. Usiku ndiyo usiseme, naamka naamka mpaka mume wangu naye halali. Nikipanda daladala ya Muheza nakaa roho juu.

Maduka ya dawa jibu ni moja tu, UTI, unapewa antibiotiki. Hospitali wamepima mkojo, ni safi, na sukari sina. Daktari akasema kibofu kinajikaza kabla hakijajaa. Akaniambia nipunguze chai na kahawa (umwambie mtu wa Tanga aache kahawa!), nifanye mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, na nikibanwa nijizuie kidogo, muda niuongeze polepole. Mchana nafuu ipo kweli. Usiku bado.

Sasa kaniandikia oksibutinini, dawa ya kutuliza kibofu. Nasikia inakausha mdomo na kufunga choo, na choo kigumu ni shida yangu ya siku zote. Tena mama yangu ana presha ya macho, na karatasi ya dawa inatahadharisha wenye aina fulani ya ugonjwa huo. Mimi sijawahi kupimwa macho.

Dada zangu mlioitumia, choo kilikuwaje, mlivumilia au mlibadilishiwa? Na wataalamu humu, nipime macho kwanza ndipo nianze?