PIN ya M-Pesa ya Mamangu yajulikana na baraza nzima, nifanyeje bila kumvunjia heshima?

BintiKibokoni:
Assalam aleikum, hamjambo nyote.

Mamangu anauza mahamri na viazi karai barazani kwetu Kibokoni tangu mimi sijaolewa. Siku hizi wateja hawana pesa mkononi, kila mtu ni "Mama, nikutumie?" Kakangu aliporudi likizo kutoka Doha akamletea simu ya tachi, kubwa, na kabambe yake ya kubofya ikaishia kabatini.

Sasa mteja akishatuma, Mama hasomi ujumbe. Anaita mtoto yeyote anayepita: "Njoo we, hebu nitizamie hii." Akitaka kumlipa mwenye unga, anampa huyo mtoto simu na PIN anaitaja kwa sauti, walioketi wote wanasikia. Hata angenong'ona si kitu, PIN yenyewe ni mwaka aliozaliwa kakangu na kila mtu aujua.

Juzi kaka ametuma pesa, zikaingia pungufu. Mama akashikilia simu imekula pesa zake. Kuchungulia, nikaona deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Mama hata hajui Fuliza ni mnyama gani! Kumbe mtoto wa dadangu, yuko kidato cha pili na ndiye "mtaalamu" wa simu ya bibi yake, amekuwa akilipia chipsi na pleistesheni kwa simu ile. Na Fuliza mwaijua, pesa yoyote ikiingia inajilipa kwanza.

Nikitaka kumfunza aniambia, "Fanya wewe tu mwanangu, macho yangu hayaoni." Macho hayo hayo yanashona kofia za vito usiku kwa taa ya stima hafifu. Na WhatsApp anaijua vizuri sana, kwenye grupu la harusi arekodi sauti dakika tatu nzima bila kupumua. Kwa hivyo simu si kwamba haiwezi.

Nikimwambia asimpe mjukuu PIN, anaona namwita mtoto mwizi. Kwake yeye kufichana nyumbani ni tabia mbaya. Nimwingilie vipi?

Wakala_Kongowea:
Waleikum salam dada. Wazee nawaona kila siku hapa dukani, wengine PIN wameiandika kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya simu. Mmoja ameiandika kwa kalamu ya wino usiofutika, ati isipotee.

Kwanza lugha. Kwenye menyu ya M-Pesa kuna pa kubadilisha lugha, weka Kiswahili. Watu wengi hawalijui hili. Mamako akiona "Umepokea" badala ya Kiingereza atasoma mwenyewe. Kisha ongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya simu.

Fuliza ikishalipwa, bonyeza *234#, ingia Fuliza ujitoe. PIN mbadilishe kwa *334#, lakini abonyeze yeye, wewe utazame ukutani. Ukimbonyezea, kesho PIN mtaijua wawili na mambo yatarudi pale pale.

Jabali_Likoni:
Mnajisumbua. Mrudishieni bi mkubwa kabambe yake. M-Pesa ilipoanza 2007 ilikuwa simu hizo hizo za kubofya, na wazee walituma na kupokea bila shida. Tachi ni kumtafutia presha.

BintiKibokoni:
Jabali, kabambe itamuonesha wajukuu wa Doha? Kila Ijumaa lazima awaone kwenye video. Ukimnyang'anya ile simu utatafuta pa kulala.

Mzee_wa_Bandarini:
Mwanangu, mimi ni rika la mamako, nimestaafu bandarini, nakaa Changamwe. Nikwambie lisilosemwa na hawa vijana.

Nyinyi watoto mkifunza, mnaichukua simu mkononi mwetu. Kidole chapita mbio, tap tap tap, "Umeona Baba? Rahisi!" Sijaona kitu. Nikiuliza tena, unavuta pumzi. Mzazi akisikia ile pumzi mara moja hatauliza tena, atasema macho mabovu. Mimi pia nimesema macho mabovu, na miwani nilikuwa nayo mfukoni.

Aliyenifunza ni mzee mwenzangu wa barazani, kwenye kahawa. Mbele yake sikuona haya, kwa sababu na yeye alikuwa akikosea. Mtafutie mamako mwanamke wa makamo yake anayejua, lazima yupo hapo Kibokoni. Na kwa vile anapenda ujumbe wa sauti, mrekodie hatua moja moja: "Mama, kwanza gusa hapa." Ausikilize akiwa peke yake, aurudie atakavyo.

Kuhusu PIN, usimtaje mjukuu kabisa. Muulize kama lile fundo la pesa kwenye pindo la leso humpa mtoto wa jirani amfungulie. Ataelewa. Huyo kijana naye deni alilipe, Jumamosi akabebe unga.

BintiKibokoni:
Shukran Mzee. Mwenzake amepatikana, Bi mmoja wa nyumba ya nyuma. Lugha nimeibadilisha, na jana nimemsikia amesoma mwenyewe "Umepokea" kwa sauti kama anasoma hutuba, akanyamaza alipofika kwenye salio akitizama huku na huku! Kijana anabeba unga, amenuna.

Sasa Wakala, hili ni swali lake Mama, kanituma: kuna wateja humuonesha ujumbe kwenye simu zao, "Mama nishatuma, ona hapa," kisha wanaondoka na mahamri. Jioni hesabu haitimii. Atajuaje?

Wakala_Kongowea:
Mwambie simu ya mteja asiitazame hata kidogo. Ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote, hata wa mwaka jana huhaririwa ukaoneshwa leo. Atazame yake. Wa kweli huja kwa jina MPESA, ukija kutoka nambari ya kawaida ni wa wezi hata ukiwa umeandikwa vizuri vipi. Na kama ana shaka, aulize salio, halafu ndipo afunge mahamri kwenye gazeti.